Mkono Wangu wa Kulia

Naandika haya kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, simu nimeiegemeza kwenye mto. Mkono wa kulia una hina mbichi tangu kwenye kucha hadi karibu na kiwiko, na nimekatazwa kuugusa mpaka ikauke yenyewe. Aliyenikataza ana miaka 71, na kesho atataka kuuona.

Mimi ni mchora hina, Mombasa. Sisi twasema kuchora maua, hata kama unachochora ni jani au mnyororo au nukta tupu. Nilianza nikiwa na miaka 14, kwa shangazi yangu Kibokoni. Koni, ile mifuko yenye ncha ya kukamulia hina, zilikuwapo wakati huo, lakini yeye alinianzisha na chelewa ya ufagio kama alivyoanzishwa mwenyewe: wachovya, wainua, wavuta, na hina yaifuata chelewa kama uzi. Ukivuta haraka uzi wakatika. Ukisita, tone laanguka na kuharibu jani. Miezi mitatu nilivuta uzi juu ya sinia la bati kabla hajanikabidhi mguu wa mtu.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo asiyechora halimpiti akilini. Fundi hawezi kujichora mikono yote miwili. Mimi nashika koni kwa mkono wa kulia, basi wa kushoto waweza kupata maua ya kumshinda bi harusi, lakini wa kulia hauna wa kuuchora. Ukijaribu kwa wa kushoto, koni yatetemeka, wino wa hina wamwagika, mstari wapinda. Kwa miaka 19, kila Idi, nilitoka na maua mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa na ncha za vidole zilizokolea rangi ya kazi, basi. Wateja wakiniuliza nilisema ndivyo nipendavyo.

Sikupenda. Sikuwa na wa kunichora.

Na si kwamba wachora maua hawakuwapo. Mombasa imejaa: Kibokoni, Kuze, Bondeni, Majengo, ng'ambo Likoni, kwetu Kisauni. Niliwajua wote kwa mistari yao. Nikiwa ndani ya matatu, tuko juu ya Daraja la Nyali, mwanamke ashikilia chuma mbele yangu, nautazama mkono wake na kusema moyoni: huyu kachorwa na yule wa Likoni. Petali zake zina ncha mbili kama mkia wa mkizi. Yule wa Majengo humaliza kila kidole kwa nukta tatu zinazopungua. Kulikuwa na mmoja, mtu mzima wa Mji wa Kale, ambaye jani lake lilikuwa na mshipa uliopinda kidogo kulia, kila jani, kama yote yapulizwa na upepo mmoja. Nilimwonea wivu kwa jani lile miaka mingi.

Niliwajua, na sikuwahi kumsalimia hata mmoja kwa moyo mweupe. Tukikutana harusini kila mtu aliifunika sahani yake. Duka nilikonunua unga wa hina sikulitaja. Kiasi cha mafuta ya mkaratusi, saa ngapi walaza hina kabla ya kuijaza, sukari watia au hutii, hayo yote yalikuwa siri. Ndivyo nilivyofunzwa: fundi akimwaga siri, amemwaga unga. Na mimi niliamini, kwa sababu harusi ni zilezile na msimu ni mfupi. Rajabu, Shaabani, kisha Ramadhani kimya mpaka usiku wa kuamkia Idi, halafu Mfunguo Mosi harusi zamiminika. Bi harusi mmoja aliyekwenda kwa mwenzako ni kodi ya nyumba iliyokwenda kwa mwenzako.

Sasa nije kwenye piko, ile rangi nyeusi ya maua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna dada zangu wanaosoma ambao bado wanaitumia.

Hina halisi haiwi nyeusi. Ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa, ukayakanda kwa ndimu na mafuta. Ukibandua ni rangi ya chungwa, na kwa siku mbili yaiva mpaka ikawa nyekundu ya damu ya mzee au kahawia. Kwenye kiganja na unyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi ni nene. Nyeusi ile ya kwenye maua ya bi harusi wetu ni piko, na piko siku hizi ni rangi ya nywele ya pakiti. Twaipenda, na sababu yake si ujinga. Ngozi zetu nyingi ni za maji ya kunde na nyeusi. Mistari myembamba ya Kihindi, ile kama lesi, hupotea kabisa juu ya mkono mweusi. Piko huupa ua ukingo. Nyekundu ndani, nyeusi nje, ua lapanda kutoka kidole cha kati kwenda kiwikoni kwa mshazari, na ngozi tupu imeachwa ionekane. Hilo ndilo ua letu la pwani, na ni zuri.

Lakini ndani ya pakiti ile kuna kemikali iitwayo parafenilenediamini, PPD kwa kifupi. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Sisi twaikoroga kwa kukisia na kuiweka juu ya ngozi saa nzima. Wengi hawapati kitu. Asiye na bahati ngozi yake yaikataa, na ikishaikataa, kwa kawaida yaikataa maisha: hata uzeeni akitaka kupaka mvi zake rangi, hawezi.

Mwaka 2022, Mfunguo Mosi, nilichora harusi moja ya watu wengi. Bi harusi, mama yake, shangazi wawili, na mdogo wake bi harusi, msichana wa miaka 13, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo fundi yeyote angevipenda. Aliniomba nimtilie piko kama dada yake. Nilimtilia. Pakiti ilikuwa mpya, ya duka nisilolizoea, kwa kuwa kwa muuzaji wangu zilikwisha.

Siku ya tatu nilipigiwa simu. Nilipofika, mtoto alikuwa amekalishwa kitandani, mikono imewekwa juu ya kanga kama vyombo vya kuvunjika. Malengelenge yalikuwa yamefuata maua yangu. Jani kwa jani. Mshipa wa kila jani ulikuwa umevimba na kujaa maji, na ngozi katikati ya jani na jani haikuwa na kitu, safi kabisa. Nilikuwa nimeichora kazi ile vizuri sana, na kila palipokuwa pazuri palikuwa pameungua.

Sitaeleza yote yaliyosemwa. Mama wa mtoto alikuwa na haki ya kila neno. Nililipia dawa, shilingi 8,000, nikaahidi nyingine. Picha ya mikono ile ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla sijafika nyumbani, na jina langu chini yake. Nilizima simu. Nilimwaga hina yote iliyokuwa kwenye friji, nikafunga dirisha la mbele, na nikakaa ndani siku nne.

Siku ya tano mlango ulibishwa. Nilidhani ni jamaa za mtoto. Walikuwa wanawake watatu: yule mtu mzima wa Mji wa Kale mwenye jani la upepo, yule wa Likoni, na yule wa Majengo akiwa na mimba kubwa, amepanda ngazi zangu tatu hapumui.

Nilimwamkia mtu mzima, shikamoo. Akaitika marahaba, akavua viatu, akaketi juu ya mkeka bila kungoja kukaribishwa, akaniuliza, "Umekula, mwanangu?"

Sikuwa nimekula. Walikuja na mahamri na mbaazi za nazi ndani ya hotpoti. Tulikula, wala hakuna aliyetaja lolote. Tulipomaliza akanawa mikono, akasema, "Nionyeshe pakiti."

Nilimletea. Akaigeuza, akainusa, akampa wa Likoni naye akainusa. Kisha yule bibi akapandisha mkono wa buibui lake. Ndani ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, palikuwa na jani moja jeupe, lililopauka, lenye mshipa uliopinda kulia. Alijijaribia mwenyewe, zamani, pakiti ya namna hiyo. "Hili ni langu," akasema. "Na mbali na mimi nimewahi kuunguza watu wawili. Huyu wa Likoni mmoja. Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia.

"Basi hatukukwambia. Hilo ni letu, si lako peke yako."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Nilikuwa nimengoja kusemwa au kuhurumiwa, na yeye hakufanya hata moja. Alichukua kipande cha kosa akaenda nacho. Miaka yote kila mmoja wetu alikuwa na lake alilolificha chini ya sahani pamoja na vipimo vya mkaratusi, na kwa sababu hiyo mtoto wa watu aliungua kwa kitu ambacho wanawake watatu wa mji uleule walikuwa wakikijua.

Jioni ileile yule mtu mzima, Bi Mkubwa (sote twamwita hivyo, na jina lake hataki liandikwe) alinivalisha buibui kwa mikono yake, tukaenda nyumbani kwa mtoto. Hakuniacha niseme peke yangu. Aliomba radhi kwa niaba ya mafundi. Mama yule hakutusamehe siku hiyo, na hakupaswa. Lakini alitukaribisha ndani, na mtoto akamwonyesha Bi Mkubwa mikono yake, na Bi Mkubwa akamwonyesha jani lake jeupe, na wale wawili wakakaa wakilinganisha kama watu waliotoka safari moja.

Nilikuwa na harusi nne zilizobaki mwezi ule. Mbili zilivunja ahadi. Mbili nilishindwa, mikono haikutulia. Wa Likoni alizichora. Siku ya pili yake M-Pesa ilinguruma: shilingi 4,500, na ujumbe, "Ya bi harusi wako." Nilimrudishia. Akairudisha tena. Tulirushiana pesa ile mara tatu, na mwisho nikainunulia unga, kwa sababu Bi Mkubwa alisema hina iliyomwagwa kwa uchungu lazima ikandwe upya kabla ya Jumatatu.

Jumatatu ni siku yetu. Harusi huanza Alhamisi na kwisha Jumapili, kwa hiyo Jumatatu mikono ya mafundi haina kazi. Twakutana kwa Bi Mkubwa, ghorofani, chumba chenye dirisha la kutazama uchochoro. Kabla ya 2022 walikuwa wawili watatu tu, wakinywa kahawa. Sasa tu tisa tukitimia: mimi, wa Likoni, wa Majengo, pacha wawili wa Bondeni, binti aliyeolewa hapa kutoka Lamu, mwanafunzi wa chuo, mama mmoja Mgiriama wa Mtwapa aliyejifunza kwa jirani yake na ana mkono mwepesi kuliko wetu sote, na mwenyewe Bi Mkubwa.

Jumatatu ile ya kwanza niliketi karibu na mlango. Walikuwa wakichuja hina. Ukitaka koni isizibe, lazima ikandwe iwe kama mtindi, ilale usiku mzima, kisha ipitishwe kwenye soksi ndefu ya nailoni: mmoja ashika mdomo wa soksi, mwingine abana kutoka juu kwenda chini, na uchafu wote wa majani wabaki ndani. Peke yangu nilikuwa nikiifunga soksi kwenye kitasa cha mlango na kubana kwa mikono miwili. Wa Majengo alinipa mdomo wa soksi bila kusema neno, akabana. Hina ikashuka laini, inang'aa, bila punje hata moja. Nilikuwa nimefunga soksi kwenye kitasa miaka 19.

Koni zilipojazwa, wa Likoni alihamia upande wangu. Aliutazama mkono wangu wa kushoto, wenye maua yaliyofifia ya Idi, kisha akauchukua wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini.

"Huu nani kakufanyia hivi?" akasema. Mkono mtupu.

Akaanza kuchora. Nilizoea kuwa upande wa koni. Sikujua kwamba hina ni baridi kiasi kile inapogusa kifundo cha mkono, wala kwamba waweza kuhisi jani likigeuka kabla hujaliona. Alinitilia petali zake za ncha mbili. Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha. Pacha mmoja alinifuta uso kwa sababu mimi sikuwa na mkono wa kujifutia.

Tangu hapo mambo yetu yamekwenda, si yote vizuri. Mwenzetu mmoja alijitoa kwa sababu ya picha. Alikuwa akiweka mtandaoni mikono ya mabibi harusi na nyuso zao zikionekana kwenye kioo, na harusini kwetu wanawake huvua mabuibui wakijua wako wao kwa wao. Tulimwambia mara mbili. Akaona twamwonea gere. Inaniuma bado, maana alikuwa fundi kwelikweli. Na kuna wakati pacha walipunguza bei mpaka ikawa aibu, tukakaa Jumatatu nzima tukizungumza bei, sauti juu, mpaka Bi Mkubwa akafunga dirisha.

Lakini wa Majengo alipojifungua, tulichora wateja wake siku 40 kwa jina lake, na kila shilingi ilikwenda kwake. Kila Jumatatu twatoa 200 kila mmoja. Pesa hizo zimezika, zimepeleka mtoto hospitali, zimemnunulia wa Lamu cherehani mumewe alipokosa kazi. Bibi yangu alikuwa akisimulia lelemama ya zamani hapa Mvita, vyama vya wanawake vyenye vyeo na michango, vikishindana kwa nyimbo na karamu, na mwenzao akifiwa chama kizima humwagika kwake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni hadithi za ngoma. Sasa naelewa alikuwa akiniambia kitu kingine.

Piko tumeiweka sheria. Mtoto hatiliwi, hata mama yake akisimama juu ya kichwa chako. Mtu mzima anayeing'ang'ania ajaribiwe kwanza nukta moja nyuma ya sikio, tungoje saa 48, na tumwambie wazi kwamba hata nukta ikinyamaza si dhamana. Wako wanaotukimbia kwenda kwa wasiouliza. Waende. Wengi wamebaki, na kwa ajili yao tumejifunza kuchora ua la pwani kwa hina tupu: mstari mnene, nafasi kubwa, kiini kilichojazwa. Mama wa Mtwapa ndiye aliyegundua kwamba ukipitisha koni mara ya pili juu ya ukingo wa ua, saa moja baadaye, ukingo hukolea kuliko ndani. Siyo nyeusi ya piko. Lakini ua lapata mpaka wake.

Maua yenyewe tumeanza kuyafuata kwenye asili yake. Sote tulikuwa tukinakili kwenye simu, Kihindi na Khaleeji, yaani ya Ghuba ya Uarabuni, siku nzima twavuta picha juu kwa kidole. Jumatatu moja Bi Mkubwa alituambia tufunge simu, akatutoa nje na madaftari ya shule, tukaenda Ndia Kuu, ile njia ya Mji wa Kale. Alitusimamisha mbele ya mlango mmoja wa nakshi. "Chora," akasema. Mnyororo unaozunguka fremu. Waridi la katikati ya kizingiti cha juu, petali nane, kila petali imechongwa kama kijiko. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule utotoni kila siku nikienda chuoni, madrasa, na sikuwahi kuuona. Pacha walichora waridi. Wa Lamu alikumbuka zidaka za nyumba ya nyanya yake, zile nakshi za chokaa ukutani, akazichora kwa kichwa, na sasa ana mtindo wa kifundo cha mguu ambao hakuna mwingine Mombasa auwezaye. Watalii walipita wakielekea Ngomeni, Fort Jesus, wakatupiga picha. Tuliwaacha.

Desemba 2024, UNESCO iliiandika hina kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, mkutanoni kule Asunción, Paraguay. Nchi 16 za Kiarabu ndizo zilizoomba kwa pamoja, zikiwemo Oman, Yemen na Sudan. Mwanafunzi wetu alitusomea. Tulifurahi, maana Oman na Yemen ni damu ya nusu ya chumba kile, na ua la Kisudani tumelichora miaka yote. Kisha wa Majengo akauliza, mtoto yuko begani, "Na sisi?"

Sisi hatukuwamo. Wala hakuna aliyetukataza, hakuna aliyetuandika. Kazi yetu haikai. Wiki mbili imekwenda na sabuni, kwenye kucha miezi michache, kisha hata mwenye mkono hakumbuki. Mchoraji wa turubai akifa, huacha turubai. Shangazi yangu alichora Kibokoni miaka 40, na hakuna ua lake hata moja duniani isipokuwa yale mkono wangu uliyoyakariri. Basi tumenunua daftari kubwa la karatasi ngumu. Kila Jumatatu mmoja achora ua moja aliloachiwa na aliyemfunza, kwa hina yenyewe juu ya karatasi, na kuandika pembeni jina la ua na la aliyelileta. Tumefika ukurasa wa 63. La shangazi yangu liko ukurasa wa 9.

Usiku wa kuamkia Idi ndio usiku wetu mkubwa. Kila mtu macho juu kungoja mwezi. Ukitangazwa, uchochoro wote wajaa wanawake na watoto, na sisi tumeshaketi, tisa, mstari mmoja ukutani. Hatuulizani mteja ni wa nani. Mwaka jana alikaa mbele yetu mwanamke mmoja mwenye haraka, mtoto mchanga nyumbani. Wa Likoni akachukua mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukaanza bila kusemezana. Tulipomaliza akaviweka viganja pamoja, na ua likafunga: jani langu liliingia kwenye jani lake. Aliuliza kama tu ndugu.

Bi Mkubwa hakuchora usiku ule. Tangu mwaka juzi mkono wake watetemeka. Ulianza kwa nukta, nukta zikawa mikia, kisha siku moja aliiweka koni chini katikati ya mguu wa bi harusi, akamwambia wa Majengo amalizie, akaenda jikoni. Hakuigusa tena. Jumatatu hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kutuelekeza kwa maneno: shusha, pinda, acha hapo, ngozi ipumue. Jani lake la upepo sote twalijaribu. Langu hupinda mno. La pacha halina uhai. Liko kwenye daftari, ukurasa wa 1, na hata hapo si lenyewe, kwa sababu tulilichora sisi akiwa ameketi.

Leo ni Jumatatu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na tulifika watatu tu. Nilikuwa nikijaza koni, mgongo kwake. Nikasikia, "Lete mkono. Siyo huo. Wa kulia."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Alichukua koni, akaegemeza kiwiko chake juu ya goti, akashika kifundo changu kwa nguvu ambazo sikutarajia. Hatukusema kitu. Mstari wa kwanza ulitetemeka kutoka kucha hadi kifundo, kama maji yaliyoguswa. Alinyamaza, akautazama, akauendeleza. Alichora jani, kisha la pili, kisha la tatu. Ilimchukua zaidi ya saa mbili kufika karibu na kiwiko. Mvua ilikatika, chai ikapoa. Wa Likoni alisimama nyuma yetu na daftari mkononi, hakulifungua.

Kila jani lina mshipa uliopinda kulia. Na kila mshipa una mawimbi madogo ambayo zamani hayakuwamo.

Sasa ni saa saba usiku. Hina imeanza kupasuka na kudondoka juu ya shuka, vipande vidogo vyeusi kama majani ya chai. Chini yake rangi bado ni ya chungwa. Itaiva Jumatano.